Behewa la zamani la Uingereza katika OO: ununue, ulivishe brasi, uliunde lote au ulichape?

Injini za mvuke za Uingereza zina bahati. Kila moja ina namba, nyingi zina majina, na mashabiki wamezipiga picha tangu kamera zilipoanza kubebeka. Mabehewa ya abiria hayakupendwa hivyo. Yalijengwa kwa makundi, yakahamishwa kutoka treni moja hadi nyingine, yakaingia karakana na kutoka yakiwa na dirisha pungufu, na mwenye kamera aliyekuwepo stesheni siku hiyo alikuwa anaiangalia injini. Ndiyo maana fundi wa modeli anayetaka behewa lake lifanane kweli na la asili hukwama mapema. Swali analowauliza wenzake huwa la vifaa: ninunue lililo tayari nilirekebishe, nivishe mbavu mpya za brasi juu ya behewa la plastiki, niunganishe seti nzima ya brasi, au nichore mwenyewe na kuchapa kwa printa ya 3D?

Nazilinganisha hapa njia hizo nne kwa skeli ya OO, yaani milimita 4 kwa kila futi, takriban 1:76, kwa sababu ndiyo yenye bidhaa nyingi zaidi kwa reli za Uingereza. Msimamo wangu nautoa mapema: ushahidi ulionao kuhusu behewa moja, katika mwaka mmoja, ndio unaochagua njia. Anayeanza na njia hujikuta baadaye anatafuta picha za kumtetea.

Behewa lipi, mwaka upi

Kusema "behewa la GWR", yaani la kampuni ya Great Western Railway, hakutoshi. Chukua behewa la aina ya Toplight, lenye vioo vidogo juu ya madirisha makubwa, lililotoka karakana ya Swindon mwaka 1910. Lilitoka likiwa kahawia tupu, kwa kuwa GWR ilikuwa imeacha chokoleti na krimu mwaka 1908. Kuanzia 1912 kampuni ikahamia rangi ya damu ya mzee. Mwaka 1922 chokoleti na krimu ikarudi. Mwili ni ule ule, lakini ni treni tatu tofauti, na anayelipaka chokoleti na krimu kisha akaliweka kwenye stesheni ya 1915 amekosea kabla hata hajashika tupa.

Mambo hayakutulia baadaye. Reli zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, na namba za mabehewa ya zamani zikaongezwa herufi: ya mbele ikitaja kanda linakofanyia kazi, na ya nyuma, iliyofuata baadaye kidogo, ikitaja kampuni ya zamani iliyotoa namba ile. Behewa lenye W mbele na W nyuma ni la GWR lililobaki nyumbani kwao Kanda ya Magharibi. Likianza na M, ya Kanda ya London Midland, likaishia na W, limehamia kwa majirani. Nyekundu na krimu ilianza 1949, damu ya mzee ikafuata 1956, na tarehe 3 Juni mwaka huo huo daraja la tatu likabadilishwa jina likawa la pili. Tarakimu 3 mlangoni kwenye treni ya 1960 inahitaji maelezo.

Picha ndiyo ushahidi mkuu, na picha inadanganya kwa njia zake. Filamu za zamani hazikuiona nyekundu sawasawa. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na bluu ikatoka nyeupe kuliko ilivyo. Kutofautisha kahawia na damu ya mzee kwa picha peke yake ni kubahatisha. Tena, picha rasmi za karakana mara nyingi zilipigwa behewa likiwa limepakwa kijivu ili maungio yaonekane vizuri. Rangi ile haikuwahi kubeba abiria.

Mtego ninaouona umewanasa wengi zaidi ni wa fremu za urembo. Mabehewa ya mbao ya zamani yalikuwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyotokeza, vikifunika maungio ya bodi na kuugawa ubavu katika paneli. Miaka ya 1920 kampuni zilianza kutumia mabati ya chuma laini yasiyo na maungio hayo, lakini zikaendelea kuchora mistari pale pale ilipokuwa mbao, ili behewa jipya lisionekane geni kwenye treni. LMS (London, Midland and Scottish) walifanya hivyo, GWR walifanya hivyo, na LNER (London and North Eastern) walikwenda mbali zaidi: walipaka chuma rangi inayoiga mbao, na mishipa yake yote. Ukiangalia picha yenye ukungu unaona paneli. Unanunua brasi yenye fremu zilizotokeza. Kumbe zilikuwa rangi tupu. Dawa ni kutafuta picha iliyopigwa kwa pembeni, jua likiwa chini, kisha uangalie kama ile mistari ina kivuli.

Vipimo unaweza kuvivuna kwenye picha bila kugusa behewa. Tafuta picha iliyopigwa kwa kulikabili behewa uso kwa uso, halafu tumia bogi kama rula. Hapa bogi ni ile fremu yenye magurudumu manne inayobeba kila mwisho wa behewa. Bogi ya kawaida ya Gresley, mhandisi mkuu wa LNER, ina futi 8 na inchi 6 kutoka ekseli hadi ekseli. Ya kawaida ya LMS ina futi 9. Katika OO hizo ni milimita 34 na 36. Ukishajua umbali huo kwenye picha, upana wa dirisha unatoka kwa hesabu ya darasa la tano. Ila kumbuka behewa la korido lina sura mbili: upande wa vyumba na upande wa korido, na madirisha hayafanani. Picha uliyonayo ni ya upande mmoja tu.

Kwa michoro, pa kuanzia ni maktaba ya National Railway Museum mjini York na faili za RAIL zilizoko National Archives, Kew. Historical Model Railway Society, iliyoanzishwa 1950, inakusanya michoro na picha na inauza herufi na nembo za kubandika. Ipo pia mtandaoni orodha ya mabehewa yaliyohifadhiwa nchini, Railway Heritage Register Carriage Survey, kwa hiyo unaweza kujua kama la aina yako bado lipo na liko wapi. Kati ya vituo na reli zinazohifadhi mabehewa, Didcot ndiyo maskani ya GWR, Severn Valley wana treni ya mtiki ya LNER, na Bluebell wana mabehewa mazuri ya kusini. Nenda na futi kamba, lakini uwe na shaka: behewa lililohifadhiwa limeshapitia mikono mingi, na bogi zilizo chini yake huenda ni za behewa jingine kabisa. Msomaji aliyeko Nairobi ana pa kuzoezea jicho bila viza. Makumbusho ya Reli yana behewa Na. 12, ambalo ndani yake simba alimuua Ryall, ofisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Hilo ni la reli ya mita moja, kwa hiyo vipimo vyake havihamii kwenye OO, lakini namna mbao, bawaba na mabomba ya chini yanavyokaa itakufundisha kuangalia.

Vigezo

Kila njia naipima kwa mambo matano. Ushahidi: unahitaji kujua kiasi gani kabla ya kuanza? Umbo: inakaribia kiasi gani vipimo na sura ya kweli? Mikono: inadai ufundi na vifaa gani? Rangi: kazi ya mwisho itakuwa nyepesi au ya kuumiza macho? Mwendo: litakwenda kwenye reli zako bila kuanguka? Mwisho nasema inamfaa nani. Bei nimeiacha makusudi, maana inabadilika kila msimu. Itoshe kusema kwamba la tayari linakula pesa kwa mara moja, na brasi inazila kidogo kidogo mpaka unashtuka.

Njia ya kwanza: la tayari, ukalirekebisha

*Ushahidi.* Watu hudhani hapa hauhitajiki, kwa vile kiwanda kimeshafanya utafiti. Kiwanda kimetafiti behewa lake. Kazi yako ni kujua lile la sandukuni ni la mchoro upi, la mwaka gani, na kama treni unayoiiga iliwahi kuwa nalo. Mabehewa ya Stanier, mhandisi mkuu wa LMS, kutoka Hornby, na ya Mark 1, behewa la kawaida la reli zilizotaifishwa, kutoka Bachmann yanataja behewa halisi, na yanajibu vizuri ukiyahoji. Kwa upande mwingine yapo yale ya magurudumu manne na sita ambayo Hornby waliyatoa bila kuiga kampuni yoyote mahsusi, kisha yakapakwa rangi za kampuni nyingi. Ni mazuri kwa macho, ila usiyatafutie mchoro, haupo.

*Umbo.* Ya sasa ni mazuri mno. Kasoro zilizobaki ni za plastiki yenyewe na za OO yenyewe. Milimita 1 ya plastiki ni sawa na inchi 3 za kweli, kwa hiyo kioo kikikaa nyuma ya ukuta wa unene huo, dirisha linaonekana kama la ngome, wakati kwenye behewa la chuma la kweli kioo kiko karibu sawa na ubavu. Watengenezaji hukwepa kwa kutumia vioo vinavyojaza tundu lote, na baadhi wamefanikiwa kuliko wengine. Reli ya OO nayo ina upana wa milimita 16.5, ambao kwa skeli hii ni futi 4 na inchi 1 na nusu. Ya kweli ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Behewa likikujia uso kwa uso, inchi 7 hizo zinaonekana.

*Mikono.* Kisu kikali, karatasi ya msasa laini, keekee ndogo ya kutobolea matundu ya vishikio vya waya, gundi. Kubadilisha bogi, kuongeza mabomba mwishoni mwa behewa, kupunguza au kuongeza matundu ya hewa juu ya paa, kutia viti rangi na watu ndani. Jioni chache.

*Rangi.* Hapa njia hii haina mpinzani. Mistari ya urembo iliyochapwa kiwandani ni myembamba na imenyooka kuliko mkono wa wengi wetu. Ubaya wake ni kwamba inakufunga kwenye mwaka wa kiwanda. Ukanda wa njano juu ya madirisha ya daraja la kwanza, kwa mfano, ni mambo ya miaka ya 1960. Kuukwangua bila kuharibu rangi iliyo chini ni kazi ya subira.

*Mwendo.* Limejengwa kupita kona ya nusu kipenyo cha milimita 438, ambayo kwa ukubwa wa kweli ni kama mita 33, kona ambayo hakuna behewa la njia kuu lingeijaribu.

*Linamfaa* anayehitaji treni nzima ya mabehewa manane au tisa, na ambaye kipindi chake ni cha miaka ya 1930 kuja mbele, kwani ndiko kuliko na chaguo pana.

Njia ya pili: mbavu za brasi juu ya behewa la plastiki

*Ushahidi.* Wa wastani, lakini wa aina ya pekee. Mtengenezaji wa mbavu, kama Comet, amekutafutia madirisha na milango. Wewe unatakiwa kujua kama mwili wa plastiki unaouchangia, yaani paa, miisho na fremu ya chini, ulikuwa sawa kwenye behewa la kweli. LMS walitumia miili ya futi 57 na futi 60, hizo ni milimita 228 na 240. Ukishika ya futi 57 ukavisha mbavu za futi 60, tofauti ya milimita 12 haifichiki. Cha hila zaidi ni umbo la paa na mwisho wa behewa. Behewa la Gresley lina mwisho uliopinda kama upinde na paa linaloinama mwishoni. Ukiuvisha mbavu zake mwili wa kampuni nyingine, kila mwenye jicho atalijua.

*Umbo.* Brasi ya milimita 0.25 inafuta tatizo la dirisha la ngome kwa mkupuo mmoja. Kioo kinakaa pale kinapostahili, kingo ni kali, na bawaba zinaonekana. Hii ndiyo sababu kuu ya watu kuijaribu.

*Mikono.* Unakata ubavu wa plastiki, unabakisha ukanda chini ya paa na chini ya sakafu, unakunja brasi ifuate mkunjo wa ubavu, unagandisha. Si lazima kulehemu. Hatari iko kwenye gundi: brasi na plastiki hazitanuki sawa kwa joto, na gundi inayokauka ikawa ngumu kama kioo huachia kwenye kona behewa likikaa karibu na dirisha lenye jua. Gundi yenye kuvutika kidogo ndiyo salama.

*Rangi.* Unaanza kutoka chuma kitupu, kwa hiyo mwaka ni wako na mistari ni yako.

*Mwendo.* Umerithi bogi na viungio vya kiwanda, basi mwendo ni kama wa la tayari, labda zito kidogo, ambalo ni jambo jema.

*Linamfaa* aliyezoea plastiki na anayetaka behewa ambalo viwanda havijalitoa, ila ndugu zake wa karibu wapo madukani. Ndiyo njia ya kujazia mapengo kwenye treni ambayo tayari ina mabehewa ya kununua, maana paa na fremu zitafanana.

Njia ya tatu: seti nzima ya brasi

*Ushahidi.* Mwingi. Seti nzuri inakuja na vipande vya matoleo kadhaa ya behewa moja: sanduku la betri la aina mbili, matundu ya hewa ya behewa la taa za gesi au za umeme, ngazi fupi au ndefu. Maelekezo yanakuambia "kulingana na kipindi" na kunyamaza. Hapo ndipo picha zako zinalipa. Jihadhari pia na seti za zamani zilizochorwa kabla michoro mingi haijapatikana kwa umma. Makosa ya mchoraji wa miaka ya 1970 bado yanauzwa, na hakuna anayekuonya juu ya sanduku.

*Umbo.* Kwa behewa la mbao lenye fremu zilizotokeza, sijaona njia inayoizidi hii. Fremu yenye unene wa nusu inchi inapaswa kutokeza milimita 0.17 tu, na asidi inayokula bati nusu ya unene wake inaufikia wembamba huo bila taabu. Plastiki ya kumimina mara nyingi huikuza.

*Mikono.* Hapa ndipo watu hugeuka nyuma mlangoni. Ubavu wa behewa la Uingereza haukusimama wima. Kuanzia kiunoni unajikunja kuingia ndani kuelekea chini. Brasi inakuja bapa. Unailaza juu ya pedi laini, ile ya kipanya cha kompyuta inatosha, uso wa nje ukiwa chini. Unaweka bomba la chuma sambamba na ukingo wa chini na kulivingirisha ukilikandamiza, kidogo kidogo, ukijaribu dhidi ya kipande cha mwisho wa behewa kila mara. Ukikandamiza sana katikati ya milango, bati linapinda kwenye matundu ya madirisha na kuacha mbonyeo ambao rangi itautangaza. Kunjo likikubali, ubavu na mwisho wa behewa vinakutana bila kusukumwa, na kulehemu kunakuwa kazi ya kupitisha tu ncha ya pasi.

Lehemu nayo ina ngazi zake: ile inayoyeyuka nyuzi 188 kwa maungio makuu, ya 145 kwa vipande vidogo vinavyofuata ili vya kwanza visifunguke, na ya 70 kwa vipande vya madini meupe (aloi laini ya kumimina), ambavyo pasi ya kawaida ingevigeuza uji. Kila usiku osha dawa ya kulehemu kwa maji na brashi. Ikibaki, brasi inaota kijani chini ya rangi.

*Rangi.* Ngumu kuliko zote, kwa sababu fremu halisi zinadai mistari ipite juu ya kingo zake. Mabehewa ya LMS ya mwanzo yenye mistari kamili ya dhahabu na nyeusi yanaweza kuchukua muda mrefu kupaka kuliko kujenga. Wapo wanaojenga wenyewe na kumlipa mtu apake, na sioni aibu yoyote hapo.

*Mwendo.* Unalipanga mwenyewe. Unaweza kulijenga kwa OO, au kwa EM ya milimita 18.2, au P4 ya milimita 18.83 ambayo ndiyo upana sahihi. Wengi hulenga gramu 25 kwa kila ekseli, na brasi hufika hapo bila kuongezewa kitu. Behewa refu la GWR la futi 70, milimita 280, halitapita kona ya 438 bila kukata sehemu ya fremu ya chini ili bogi zipate kugeuka.

*Linamfaa* anayependa kujenga kama anavyopenda kumiliki, na ambaye kipindi chake ni cha kabla ya 1923, wakati kampuni zilikuwa nyingi na viwanda vya leo havijazigusa nyingi.

Njia ya nne: kuchora na kuchapa mwenyewe

*Ushahidi.* Wote. Hakuna mtu wa kati wa kumlaumu. Usipojua upana wa dirisha la tatu, kompyuta haitasonga mbele, na huo ndio uzuri wa njia hii kama mwalimu: inakulazimisha uone ni wapi unakisia. Wenye busara huweka alama kwenye mchoro, vipimo vya uhakika kwa rangi moja na makisio kwa nyingine.

*Umbo.* Bogi, masanduku ya betri, matundu ya hewa, miisho ya behewa, hizi printa ya rezini huzitoa vizuri ajabu. Mbavu ni habari nyingine. Ukuta mwembamba na mrefu unapenda kujipinda ukikauka, kwa hiyo unaunenepesha mpaka karibu milimita 1, na lile dirisha la ngome linarudi. Pia printa ndogo nyingi za nyumbani hazina nafasi ya kulaza milimita 246 za behewa la Gresley la futi 61 na inchi 6. Utalichapa vipande na kuunganisha, na kiungio kinatakiwa kijifiche nyuma ya mlango.

*Mikono.* Kipanya zaidi ya tupa, kisha glavu, pombe ya kuoshea, na hewa ya kutosha chumbani. Rezini mbichi si ya kuchezewa jikoni.

*Rangi.* Mistari ya tabaka ikionekana, itaonekana zaidi baada ya kupaka. Msasa hauwezi kuingia kati ya fremu za urembo bila kuzila.

*Mwendo.* Rezini ni nyepesi na fremu yake inaweza kulegea baada ya muda; weka mhimili wa brasi ndani ya sakafu.

*Linamfaa* mwenye michoro kamili ya behewa ambalo hakuna anayeliuza, na hasa anayehitaji mengi yanayofanana. Behewa moja tu halirudishi saa za kulichora.

Seti za plastiki nazitaja kwa ufupi kwa sababu zimekaa katikati. Za Ratio, zenye mabehewa ya GWR ya magurudumu manne na ya Midland, zinampa mtu fremu za urembo zenye heshima bila pasi ya kulehemu. Kwa anayeanza ni shule nzuri.

Mtiki ni suala la peke yake

Ukichagua LNER, vigezo vyote vinasogea kando kupisha rangi. Mabehewa ya Gresley yalikuwa ya mtiki uliopakwa vanishi, na aliyeishi na mlango wa mtiki kutoka Tanga anajua kwamba mbao mbili za gogo moja huzeeka kila moja na rangi yake. Jipya lilitoka likiwa karibu dhahabu. Likapakwa vanishi tena na tena likaiva, na uzeeni mengine yakaishia kupakwa kahawia ya kawaida. Kiwanda huchapa mishipa ya mbao kwa mpangilio unaojirudia, na ukiyapanga mabehewa matano utauona. Kwa mkono, unaanza na rangi ya chungwa iliyopauka, unapitisha rangi ya mafuta ya kahawia kwa brashi karibu kavu, paneli moja baada ya nyingine, nyingine nyeusi kidogo, nyingine ikiachwa ing'ae. Kisha vanishi yenye tone la rangi. Si sharti uwe mchoraji. Ni sharti uache paneli zitofautiane. Kwa hiyo hata la tayari linaweza kupata uhai kwa kupakwa upya, na seti ya brasi ya bei kubwa inaweza kufa kwa kahawia moja bapa.

Kwa hali yako

Una treni ya miaka ya 1950 na hujui pa kuanzia: nunua Mark 1 na Stanier zilizo tayari, kagua namba na rangi dhidi ya mwaka wako, badilisha bogi pale picha inaposema, kisha visha brasi mabehewa mawili matatu ambayo duka halina. Treni za wakati ule zilikuwa mchanganyiko wa kampuni zote za zamani, na mchanganyiko huo ndio utakaokufanya uaminike kuliko behewa moja lililokamilika.

Una picha moja nzuri ya treni moja, na unataka hiyo hiyo: orodhesha behewa kwa behewa na uchague njia kwa kila moja. Yaliyo mbele ya picha yanastahili brasi. Yale ya mwisho, ambayo hata kwenye picha ni paa tu na moshi, yaweza kuwa ya duka.

Unaishi mbali na Uingereza na posta inakula pesa: mbavu za brasi ni bapa na nyepesi, husafiri kwenye bahasha, na faili la 3D halilipi ushuru wa bandari. Behewa la kutoa mwili unaweza kulitafuta la mitumba, hata lililovunjika ubavu. Utaukata hata hivyo.

Macho yameanza kuchoka au mkono unatetemeka: baki na mistari ya kiwandani na uelekeze ufundi wako ndani ya behewa, viti, pazia, abiria, na chini yake. Au chagua behewa la chuma la rangi moja, kama ya treni za vitongoji za baada ya 1948 zilizopakwa nyekundu tupu.

Unapenda Uingereza ya Victoria: tegemea brasi au uchapaji, na anza na behewa la magurudumu manne. La magurudumu sita lina ekseli ya katikati inayogoma kwenye kona. Seti nyingi hutatua kwa mpangilio wa Cleminson, ambao mabehewa ya kweli yaliutumia karne ya 19, ekseli ya kati ikiteleza kushoto na kulia huku ikizielekeza zile za mwisho. Jenga hilo la pili, ukishaona la kwanza linapita kona zako zote likiburutwa na likisukumwa kinyumenyume.